Mng'aro wa gari la zamani usiwe sumu kwa fundi

Msomaji mpendwa, huenda ukashangaa kukuta habari za bampa na grili katika kurasa za afya. Umezoea tuzungumze hapa juu ya malaria, kisukari, chanjo za watoto na lishe ya mama mjamzito. Niwie radhi. Juma lililopita nilikwenda kumwona fundi mmoja wa hapa Bamburi kwa shughuli ya gari langu, nikarudi nyumbani nikiiwaza pua yake kuliko nilivyoliwaza gari.

Gari lenyewe ni Peugeot 404 aliyoniachia marehemu baba. Wasomaji wa rika langu hawahitaji kuambiwa 404 ni gari gani. Ndiyo iliyoshinda Mbio za Safari mwaka 1963, kisha ikashinda mfululizo 1966, 1967 na 1968. Siku hizi wapo wengi wanaofufua magari ya namna hii. Nairobi kuna mashindano ya Concours d'Elegance, yaliyoanza 1970, ambako waamuzi huinama wakachungulia hata uvunguni mwa gari. Na tangu 2003 kuna mbio za East African Safari Classic zinazoyarudisha barabarani magari ya enzi hizo. Mimi sina hamu ya kushindana na mtu. Nilitaka tu bampa ya mbele, vishikio vya milango na fremu za taa zing'ae kama zamani kabla ya harusi ya binti yangu.

Anayeishi Bamburi anajua kwamba adui wa kwanza wa chuma ni hewa yenyewe. Iwe ni kaskazi au kusi, upepo unatoka baharini ukiwa na chumvi, na chumvi hiyo hutua juu ya kila kitu: mabati, vyuma vya madirisha, baiskeli, hata friji iliyo karibu na dirisha. Wengi hudhani kromu ya bampa ndiyo inayoshika kutu. Sivyo. Kromu ni ngozi nyembamba mno, aghalabu haifiki nusu ya elfu moja ya milimita. Unywele mmoja wa kichwa chako ni mnene kuliko ngozi hiyo zaidi ya mara 100. Chini yake mna nikeli, mara nyingine na shaba, kisha ndipo chuma. Ngozi ya kromu ina nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho. Chumvi na unyevu hupenya humo, vikaitoboa nikeli, chuma kikaanza kuoza kwa ndani, na wewe kwa nje unaona vitone vya kahawia.

Kwa hiyo kurejesha mng'aro kamili si kupaka kitu juu. Ni kuivua kromu yote kwa asidi, kuondoa kutu, kupiga msasa hadi chuma kiwe laini, kuweka nikeli, halafu kuchovya upya katika kromu kwa nguvu za umeme. Kila hatua kati ya hizo ina madhara yake kwa mwili wa binadamu, na hatua ya mwisho ndiyo mbaya kupita zote.

Banda la fundi huyo liko nyuma ya nyumba za kupangisha, upande wa juu wa barabara iendayo Malindi. Sitamtaja jina wala mtaa, kwa sababu sikwenda kumchongea, na hana kosa ambalo wenzake hawana. Ana pipa la plastiki lililokatwa nusu, ndani mna maji mekundu yaliyokolea kama chai ya rangi. Kuna waya mbili kutoka kwa chaja kubwa ya betri, na kijana wa miaka kama 17 hivi, ndara miguuni, anayevitumbukiza na kuvitoa vyuma kwa mikono mitupu. Umeme ukiwashwa maji yale huanza kutoa vipovu vidogo vidogo, na juu yake hutanda ukungu mwepesi wa manjano. Nilisimama pale dakika 5, koo likaanza kuniwasha.

"Hiyo ni kawaida, mzee," fundi akaniambia. "Siku za kwanza inakuchoma, halafu pua inazoea."

Nikamwuliza pua imezoea vipi. Akacheka. Alisema miaka ya mwanzo alikuwa akitokwa na damu puani kila wiki, lakini sasa hatokwi tena, ila usiku akilala mkewe humlalamikia kwamba pua inapiga mluzi. Kisha akanionyesha vifundo vya vidole. Palikuwa na vidonda vitatu vya mviringo, vidogo kama kichwa cha msumari, kingo zake ngumu. "Haviumi," akasema, "ndiyo maana sijali."

Hapo ndipo nilipoisahau bampa. Mambo hayo mawili, pua inayopiga mluzi na kidonda kisichouma, yanajulikana na madaktari wa maradhi ya kazini tangu zamani sana. Mluzi kwa mtu wa kazi ile huwa na maana kwamba ukuta unaotenga matundu mawili ya pua umetoboka, na hewa inapita katika upenyo huo kama inavyopita katika filimbi. Sikumpima, na nilimsihi aende akapimwe na anayejua. Lakini kama ni hilo, basi pua haikuzoea kitu. Ililiwa.

KROMU YA SITA

Kromu iliyokwisha kugandama juu ya bampa haina neno. Ishike, ifute, ipige polishi upendavyo. Hatari imo katika maji ya pipa. Humo kromu huwa katika hali ambayo wanakemia huiita valensi ya sita. Hali hii hupenya kwa urahisi katika utando wa pua na katika ngozi iliyochubuka, ikaingia ndani ya chembe za mwili na kuharibu maumbile yake ya urithi. Na ubaya wa kazi ya kuchovya ni huu: sehemu kubwa ya umeme unaoingia pipani haifanyi kazi ya kuweka kromu, bali hutengeneza vipovu vya gesi ya haidrojeni. Kila kipovu kikipasuka hurusha hewani matone madogo mno ya asidi ya kromiki. Huo ndio ukungu wa manjano niliouona, na huo ndio fundi anaouvuta mchana kutwa.

Mwaka 1890 daktari mmoja wa Glasgow aliandika habari za mfanyakazi wa rangi za kromu aliyepata saratani ya pua. Ilichukua miaka 100 kamili hadi shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, kuitia kromu hiyo mwaka 1990 katika kundi la kwanza, yaani la vitu ambavyo hakuna shaka kwamba huleta saratani kwa binadamu. Saratani hiyo ni ya mapafu hasa. Zaidi ya hapo kuna pumu, kuna ukurutu wa mikono usiopona, na kwa aliyemeza au kumwagikiwa na nyingi, figo huharibika. Saratani haiji kesho. Huja baada ya miaka mingi, wakati fundi amekwisha kuacha kazi na hakuna anayekumbuka kwamba palikuwa na pipa.

Jimbo la California huko Marekani, ambako watu wanayapenda magari ya zamani kupita kiasi, liliamua mwezi Mei 2023 kwamba viwanda vinavyochovya kromu ya mapambo viachane nayo kwa awamu kuanzia mwaka 2027. Badala yake kuna kromu ya valensi ya tatu, ambayo sumu yake ni ndogo kwa mbali. Wenye magari walilalamika kwamba rangi yake si ile ile, kwamba ina giza kidogo. Labda. Mimi nimezitazama picha za aina zote mbili na sikuona tofauti ya kumtolea mtu pua.

VISIMA VYETU

Nilimwuliza fundi maji ya pipa yakichakaa huyapeleka wapi. Akanionyesha kwa kidevu shimo lililo chini ya mwembe. Hatua 30 hivi kutoka hapo kuna kisima cha zile nyumba za kupangisha.

Sote tunaoishi huku tunaijua habari ya maji. Mfereji hutoka siku uupendayo wenyewe, na siku nyingine zote tunategemea visima na madumu ya mkokoteni. Ardhi yetu nayo ni mawe ya matumbawe yaliyojaa matundu, mawe yale yale ya chokaa yaliyokileta kiwanda cha saruji hapa Bamburi katika miaka ya 1950. Mawe haya yana sifa moja nzuri: asidi ikimwagwa juu yake hupoteza makali. Fundi wangu alilijua hilo, akalitoa kama utetezi. "Inachemka tu pale pale, halafu inakufa."

Inayokufa ni asidi. Kromu ya sita haishikwi na mawe ya chokaa. Hubaki imeyeyuka na kusafiri pamoja na maji. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo cha juu cha kromu katika maji ya kunywa kuwa mikrogramu 50 kwa lita. Maji yanaweza kukipita kipimo hicho mara kadhaa na bado yakaonekana maangavu ndani ya gilasi. Kuyachemsha hakusaidii, wala kuyatia dawa ya klorini.

Mtu wa Mombasa bara asiniambie kwamba haya ni mambo ya kwa Wazungu. Mtaa wa Owino Uhuru, kule upande wa Changamwe na Jomvu, ulipakana na kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi. Kilianza mwaka 2007, kikafungwa 2014. Phyllis Omido, aliyeajiriwa hapo 2009, aligundua kwamba mtoto wake mchanga aliyekuwa akinyonya alikuwa na risasi mwilini. Akaacha kazi, akapigania wakazi wa mtaa ule, akatiwa mbaroni, na mwaka 2015 akatunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaitengua 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi. Watoto waliozaliwa kiwanda kikianza wamekuwa vijana kamili. Na kile kilikuwa kiwanda chenye jina, bomba la moshi na wenyewe wa kushtakiwa. Pipa lililo nyuma ya nyumba ya kupangisha utalishtaki vipi?

Rafiki yangu mmoja, naye ni mpenzi wa magari, alinijia juu nilipomsimulia haya. "Unataka kumnyang'anya mtu riziki," akasema. "Vijana hawa wakiacha pipa watakwenda wapi?" Hoja hiyo ni nzito na siidharau. Lakini tuulizane kwa uaminifu: ni nani anayeyafanya mapipa haya yawepo? Si fundi. Fundi hana 404. Pipa lipo kwa sababu sisi wenye magari tunakwenda kwake, na tunakwenda kwake kwa kuwa bei yake ni ndogo kuliko ya karakana yenye feni za kuvuta mvuke na matangi ya kusafishia maji machafu. Ile tofauti ya bei haikuyeyuka hewani. Inalipwa na pua yake, na mapafu ya yule kijana, na wapangaji wanaoteka maji pale kisimani. Sisi tunabishana bei, tunashinda, halafu tunajisifu barazani kwamba tumempata fundi rahisi. Nami najitia humo, kwa maana nilikwenda na hela zangu mfukoni tayari kulipa.

Sheria ipo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi apasajili na kuwapa wafanyakazi wake mavazi na vifaa vya kujikinga na vitu vyenye madhara. Lakini mkaguzi hawezi kuingia kila ua, na banda lisilo na kibao halimo katika daftari lolote. Mimi naona mkaguzi wa kwanza ni mwenye gari. Ukifika mahali pa kuchovya kromu, usitazame mng'aro wa vyuma vilivyotundikwa ukutani. Tazama kama kuna feni na bomba la kuvuta hewa ukingoni mwa tangi. Tazama kama mafundi wana glavu ndefu za mpira, miwani na buti, na uulize maji machafu yanachukuliwa na nani na kama ana leseni ya NEMA. Ukionyeshwa shimo, geuza gari. Wala usidanganywe na barakoa ya kitambaa, au zile tulizovaa wakati wa Korona. Hazikutengenezwa kwa kuzuia ukungu wa kromu wala mvuke wa asidi.

MNG'ARO BILA PIPA

La kufurahisha ni kwamba vyuma vingi tunavyovipeleka kuchovywa havikuhitaji kuchovywa. Kama kromu haijaanza kubanduka, chukua karatasi ya alumini, ile ya kufungia vyakula, ikunje, ichovye katika maji, kisha sugua vile vitone vya kutu taratibu. Alumini ni laini kuliko kromu, kwa hiyo haiikwaruzi, na kutu hutoka. Osha, kausha vizuri, paka nta ya gari. Uoshe kwa maji ya mvua au ya mfereji. Visima vingi vya huku vina chumvi, na ukiosha kwa maji ya chumvi umejirudisha ulikotoka.

Vyuma vitupu, kama vile mabano ya bampa, viloweke katika siki usiku kucha, au katika molasi ya miwa, sehemu moja ya molasi kwa sehemu tisa za maji, kwa wiki moja au mbili. Itanuka, nzi watakuja, majirani watauliza, lakini hakuna atakayelazwa. Wanawake wa mwambao huu walikuwa wakisafisha sinia za shaba kwa ndimu na ukwaju tangu kabla gari la kwanza halijashuka bandarini, na kanuni yake ni iyo hiyo. Ila usiloweke humo vyuma vya alumini, wala vishikio vya milango vya zinki. Vitaliwa.

Wengine hutoa kutu kwa umeme wa betri na maji ya magadi. Njia hii naipenda, na magadi tunayo wenyewe kutoka Ziwa Magadi. Lakini kile chuma kinachofungwa upande wa chanya kiwe chuma cha kawaida. Usitie kijiko wala kipande cha sinki kisichoshika kutu. Chuma cha namna hiyo kina kromu ndani yake, na umeme utaitoa ikiwa katika hali ile ile ya sita. Ukiona maji yamegeuka manjano, ujue umekwisha kuwa na pipa lako nyumbani. Kazi hiyo ifanywe nje, mbali na sigara na jiko, kwani gesi inayotoka hulipuka.

Nipite upesi juu ya mengine. Bolti za zamani zenye rangi ya dhahabu hafifu huenda zilipakwa kadimiamu. Usizichome kwa moto wa kulehemu, moshi wake unaweza kuua. Vishikio vya zinki huchovywa kwanza katika shaba iliyoyeyushwa kwa sianidi, na sianidi ikikutana na asidi hutoa gesi inayoua kwa dakika chache, kwa hiyo hiyo si kazi ya uani hata kidogo. Rangi ya magari ya zamani mara nyingi ina risasi: tumia msasa wa maji, usitumie mkavu, na watoto wasiwe karibu. Kupuliza mchanga kwa kompresa ili kutoa kutu huleta vumbi linalokausha mapafu, ndiyo maana Uingereza iliukataza mchanga katika kazi hiyo tangu katikati ya karne iliyopita. Asidi ya kusafishia vyoo isichanganywe na Jik. Asidi hutiwa ndani ya maji, kamwe maji yasitiwe ndani ya asidi. Na tafadhali, msomaji, usikubali kuuziwa asidi katika chupa ya soda. Kuna mtoto nyumbani mwenye kiu. Ikimrukia mtu machoni, mwoshe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha mkimbize hospitali. Si maziwa, si mafuta ya nazi, si dawa ya meno.

Bampa yangu nimeirudisha nyumbani na vitone vyake. Vingi vimetoka kwa karatasi ya alumini. Vichache vimebaki upande wa kushoto, na harusini sidhani kuna atakayevihesabu. Fundi nilimpa kazi ya kuinyoosha pale ilipobonyea na kuvipiga polishi vishikio, jambo analolijua vizuri kuliko kuchovya, nikamlipa bei ile ile tuliyokuwa tumepatana kwa kromu. Pipa amekubali kulifunika na kutolimwaga hadi apatikane mwenye leseni wa kulichukua, namtafutia. Kwenda kupimwa pua bado hajakubali, anasema labda mwezi ukiisha. Yule kijana nilimkuta Jumamosi amevaa glavu za mpira, zile za kuoshea vyombo. Ni fupi, zinaishia kwenye kiwiko cha mkono, na maji ya pipa yalikuwa yamefika juu yake.